Nani Hayumo Pichani? Amana ya Anayeunganisha Picha



 

Ndugu msomaji, swali ninalokuletea safari hii ni dogo ukilitazama kwa mbali. Mtu akipiga picha kadhaa za mahali pamoja, kisha akaziunganisha kwa kompyuta zikawa picha moja pana, je, picha hiyo ni ya kweli? Hakuna aliyechora kitu. Kila kipande kilipigwa pale pale, siku ile ile. Lakini kile kitu kizima unachokitazama, hakuna jicho lililowahi kukiona kwa mara moja. Nimelazimika kulifikiria swali hili kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe. Na kosa lenyewe wengi wenu mmelitazama bila kulijua, maana lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa jumuiya yetu kwa wiki tatu.

Mlima hausogei

Hapa Mbale kila mwenye simu ameshajaribu kuupiga picha mlima Wanale. Unasimama, unauinua mkono, na mlima unakataa kuingia wote. Ukirudi nyuma unapata nyumba na nguzo za umeme. Dawa yake ni kupiga picha kadhaa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kuziunganisha. Picha ya namna hiyo wapiga picha huiita panorama.

Mimi nilijifunza kazi hii kwa programu iitwayo Hugin. Niliichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sikuwa na fedha. Pili, sikutaka programu ya kuvunjwa kufuli, zile zinazozungushwa kwenye flashi hosteli nzima na hali mwenye nazo hakutoa ruhusa. Hugin ni programu huria. Katika Kiswahili chetu tuna neno "bure" na neno "huru", na ni vyema tusiyachanganye. Bure ni habari ya bei. Uhuru ni habari ya ruhusa: ruhusa ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kuwagawia wengine. Hugin ina yote mawili.

Ina nasaba yake pia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Helmut Dersch, mwalimu wa fizikia katika chuo cha Furtwangen huko Ujerumani, aliandika zana alizoziita Panorama Tools akawaachia watu wazitumie. Baadaye kampuni yenye hataza ikamtishia kwa sheria, naye akaacha kuzigawa. Kazi haikufa, kwa kuwa wengine walikuwa nayo mikononi. Pablo d'Angelo akaanzisha Hugin juu ya msingi wa zana zile. Andrew Mihal akaandika Enblend, ambayo ndiyo inayolainisha mishono. Wengine wengi wameongeza chao hadi leo, na wala hawatujui sisi tunaoitumia.

Namna inavyofanya kazi si vigumu kueleza. Kwanza hutafuta nukta za kushikizia, yaani alama moja inayoonekana katika picha mbili jirani: ncha ya mwamba, kona ya dirisha, pembe ya paa. Ndiyo maana unapopiga unatakiwa uache kila picha iingiliane na jirani yake kwa kadiri ya theluthi. Kisha hukokotoa kamera ilielekea wapi katika kila picha, ikaikunja na kuinyoosha kila moja hadi nukta zile zikutane. Mwisho huchagua mshono upite wapi, ikalainisha rangi na mwanga pande zote mbili hadi macho yasiuone. Fundi cherehani mzuri ndiye ambaye nguo yake unaivaa bila kufikiria mshono. Hugin ni fundi mzuri.

Ina masharti mawili lakini. La kwanza, uigeuze kamera pale pale ilipo, usitembee nayo. Nyanyua kidole mbele ya uso, ufumbe jicho moja, kisha ulifumbue na kulifumba la pili: kidole kitaruka kutoka mahali hadi mahali juu ya ukuta uliosimama tuli. Ukitembea na kamera, vya karibu vitaruka namna hiyo hiyo mbele ya vya mbali, na picha hazitakutana. La pili, kinachopigwa kitulie. Wanale hausogei, na picha yangu ya mlima ilitoka safi. Nikadhani nimeshaijua kazi.

Siku ya Idd

Jumuiya yetu ilikuwa inaandika barua kwa mfadhili. Tuliomba mambo mawili: kuongezewa sehemu ya kuswalia akina dada, na kuezekewa upya upande wa wanaume wa msikiti wetu. Amiri akasema barua bila picha ni maneno matupu. Akaniomba nipige picha ya swala ya Idd, ili mfadhili aone watu walivyojaa hadi nje.

Nilipanda kwenye varanda ya ghorofa ya kwanza, watu wakiwa bado katika takbira na safu zikiendelea kupangwa. Nikapiga picha 9. Kwa kuwa nguzo za varanda zilinizuia, nilitembea kati ya picha na picha. Na kwa kuwa watu walikuwa wakitafuta nafasi, walitembea pia. Masharti yote mawili nikayavunja kabla ya khatibu hajapanda mimbari.

Usiku nikafungua kompyuta. Katikati ya picha mambo yalikuwa ya kuridhisha. Nikamwona bwana mmoja mwenye kanzu ya buluu katika safu ya nne. Nikamwona tena katika safu ya nne, hatua kumi mbele. Alikuwa anatembea kwenda kulia, nami nilikuwa nikipiga kwenda kulia, tukafuatana. Nilicheka peke yangu. Hugin inakuruhusu kuziba sehemu usiyoitaka: unaizungushia mstari, inapakwa rangi nyekundu, na programu inachukua sehemu hiyo kutoka picha jirani. Ningeweza kumziba mara moja. Sikumziba, kwa sababu bila yeye safu ilikuwa na pengo.

Mwisho wa kushoto ndiko kulikokuwa na shida kubwa. Huko ndiko walikokuwa akina dada, chini ya turubai, kwa sababu ndani hawakuwa na nafasi. Upepo ulikuwa ukilipepea turubai, na programu ilishikiza mkunjo wa kitambaa cha picha ya kwanza na mkunjo mwingine kabisa wa picha ya pili. Picha nzima ikapinda. Nikajaribu kuzifuta nukta mbovu, nikaweka zangu kwa mkono, ikapinda vingine. Ilipofika saa nane za usiku nikaliziba turubai lote, nikakata ukingo wa kushoto, na picha ikanyooka. Ikapendeza mno. Amiri alipoiona asubuhi alisema, "Mashaallah, hii ndiyo hali yetu." Maneno hayo hayo yakaandikwa chini ya picha, ikaenda na barua. Nakala ikabandikwa ubaoni.

Siku chache baadaye, dada mmoja wa mwaka wa pili alinikuta mbele ya ubao. Akaitazama picha kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, kama mtu anayemtafuta mtu.

"Kaka, mbona sisi hatumo?"

Nikajibu upesi, kama niliyeandaliwa. "Ni sitara tu, dada yangu. Hatukutaka kuwaanika."

Akanyamaza kidogo. "Sitara tungeiomba wenyewe," akasema. "Na tungeiomba, mngeandika hapo chini kwamba tumeomba." Akaenda zake darasani.

Ndugu msomaji, nimekuwa nikisoma elimu ya dini kwa miaka mitatu, na siku ile niliitumia kuficha turubai lililonishinda. Sikuwakata akina dada kwa sitara. Walikuwa mbali, wametupa mgongo, hakuna hata uso mmoja uliokuwa ukitambulika. Niliwakata kwa sababu saa nane za usiku nilikuwa nimechoka na nilitaka picha inyooke.

Kabla ya mwezi kwisha jibu la mfadhili likaja. Amiri alilisoma baada ya Ishaa, watu wakapiga takbira. Mfadhili amekubali, alhamdulillah. Ameitazama picha na ameona wazi kwamba wanaume ndio waliobanana na kufurika nje, kwa hiyo ataanza na upande wa wanaume. Sehemu ya akina dada itatazamwa wakati mwingine, Allah akijaalia.

Mimi sikupiga takbira. Picha yangu ilikuwa imetoa ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa umepokewa.

Kivuli kilichozuiwa

Tunajua kwamba wanazuoni wamehitilafiana juu ya hukumu ya picha za kamera, na makala hii si mahali pa kuufunga mjadala huo. Nitaitaja hoja moja tu, kwa kuwa wengi wetu tunaoshika simu tunaishi kwayo, ama kwa kujua ama kwa kutojua. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyewahi kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuruhusu picha za kamera. Msingi wa hoja yake ni kwamba mpiga picha haumbi wala hafananishi uumbaji. Anakizuia tu kivuli kisipotee, mfano wa sura inayoonekana kwenye kioo, ila hii imebaki.

Basi tujiulize. Ikiwa ruhusa yetu imesimama juu ya kwamba picha ni kivuli kilichozuiwa, itakuwaje pale tunapounganisha vivuli tisa, tukamwacha mtu mmoja asimame mara mbili, na tukawaondoa watu wa safu tatu? Kioo gani kimewahi kuonyesha hivyo? Sisemi kwamba panorama ni haramu. Nasema kwamba anayeingia kwa mlango wa ruhusa hii ameingia pamoja na sharti lake. Umesema wewe huumbi, unapokea tu kilichokuwepo. Basi kipokee kama kilivyokuwepo, au useme ni wapi ulipotia mkono.

Waunganishaji wa aina mbili

Kuunganisha vipande kwenyewe si kosa. Sisi wanafunzi wa hadithi tunalijua hilo vizuri, na mfano ulio wazi zaidi ni hadithi ndefu ya Ifki, kisa cha mama yetu Aisha (r.a.) kusingiziwa.

Katika Sahihi Bukhari, anayeileta hadithi hii ni Imamu az-Zuhri, aliyefariki mwaka 124 Hijria. Hakuipata nzima kwa mtu mmoja. Aliipokea kwa wanne: Urwa bin Zubayr, Said bin al-Musayyab, Alqama bin Waqqas na Ubaydullah bin Abdillah. Kila mmoja alimsimulia sehemu, na wengine walikuwa wameihifadhi kuliko wenzao. Az-Zuhri akaziunganisha kikawa kisa kimoja kirefu chenye mtiririko, ambacho ukikisoma huoni mshono. Ni panorama ya maneno. Lakini angalia alivyoanza. Kabla ya kisa chenyewe aliwataja wote wanne kwa majina, akasema wazi kwamba kila mmoja amempa sehemu na kwamba sehemu zao zinathibitishana. Wanazuoni wakaeleza kwa nini kuunganisha huku hakukudhuru: wote wanne ni waaminifu, basi kipande chochote kitakuwa kimetoka kwa mtu wa kuaminika. Hapo tunapata masharti mawili: kila kipande kiwe kizima, na anayeunganisha aseme kwamba ameunganisha.

Sasa tazama ndani ya kisa chenyewe. Walioeneza uzushi walikuwa na kipande kimoja cha kweli. Aisha (r.a.) aliachwa nyuma na msafara alipokwenda kutafuta mkufu wake, na Safwan (r.a.) akamkuta, akampandisha ngamia wake, akamwongoza hadi kulifikia jeshi mchana. Jambo hilo watu waliliona kwa macho yao. Yaliyobaki hawakuyaona. Waliyashona wenyewe kwenye kile kipande, mshono wakauficha, na mji wa Madina ukachafuka kwa mwezi mzima hadi Allah (s.w.) alipoteremsha aya za kumtakasa.

Kwa hiyo hadithi moja imebeba waunganishaji wa aina mbili. Wa kwanza walianza na kilichoonekana kweli wakafika kwenye uongo. Wa pili alianza na vipande vya watu wanne, akatufikishia ukweli. Tofauti yao haikuwa ustadi, kwa sababu hata wazushi walikuwa na ustadi. Az-Zuhri alitupa njia ya kumhakiki, na wao hawakutoa.

Mtume (s.a.w.) alitufunza jambo hili sokoni pia. Katika hadithi iliyomo Sahihi Muslim, alipita kwenye lundo la nafaka akaingiza mkono, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye lundo akasema mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akatoa lile onyo lake kali kwa wenye kughushi. Mvua ya kwangu ilikuwa upepo na turubai. Mfadhili asingenilaumu kwa upepo.

Sharti lililokuwa mbele yangu

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba chombo nilichokitumia kilikuwa kikinifundisha jambo hili muda wote, nami sikusoma.

Hugin hutolewa chini ya leseni ya GPL. Tumezoea kuisifu leseni hiyo kwa kuwa inatoa ruhusa, lakini ndani yake mna wajibu. Toleo lake la pili, la mwaka 1991, linamtaka anayeibadilisha programu na kuisambaza aweke tangazo la wazi ndani ya mafaili aliyoyagusa: kwamba ameyabadilisha, na tarehe aliyoyabadilisha. Una uhuru wa kubadilisha upendavyo. Huna uhuru wa kugawa mabadiliko yako kana kwamba ndivyo ulivyokipokea. Mtu aliyesoma elimu ya hadithi atatambua mara moja kwamba hii ni adabu ya isnadi, na kwamba kinyume chake ni tadlisi, yaani kuficha kasoro ya mapokezi ili yaonekane mazima.

Si hilo tu. Unapounganisha picha, Hugin huhifadhi kazi yako katika faili lenye kiambishi pto. Faili hilo ni maandishi ya kawaida, na unaweza kulifungua ukalisoma kwa macho. Mistari inayoanza kwa herufi i inataja picha ulizotumia. Inayoanza kwa c inataja kila nukta ya kushikizia, iko wapi katika picha hii na wapi katika ile. Inayoanza kwa k inataja sehemu ulizoziziba. Hata mpaka wa kukata ukingo umo. Usiku ule baada ya jibu la mfadhili nililifungua faili langu, nikaikuta dhambi yangu imeandikwa kwa tarakimu, mstari kwa mstari. Nikakumbuka kuwa lipo daftari jingine linaloandikwa.

Nikamkumbuka pia yule mimi aliyejivuna kwamba hatumii programu za wizi. Nilifanya vyema kuziacha, na nakusihi nawe uziache. Lakini nilidhani kwamba chombo kikiwa safi, kinachotoka ndani yake kitakuwa safi pia. Kisu ulichokinunua kwa fedha halali hakikuhalalishii nyama ya wizi. Watu wasionijua walinipa kazi yao ya miaka mingi wakaiacha wazi mpaka ndani, nami nikaitumia kutengeneza kitu kilichofungwa.

Wapo watakaopinga

Nimelijadili jambo hili na wenzangu hosteli, na pingamizi zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza alisema kila picha ina mkono wa mtu. Simu yenyewe hubadilisha rangi na mwanga kabla hujaiona picha, na hata kuchagua kusimama hapa badala ya pale ni kukata. Ni kweli. Lakini kutokana na kwamba hakuna picha isiyo na mkono wa mtu, haifuati kwamba mikono yote ni sawa. Kupunguza mwanga wa jua hakumwondoi mtu katika swala ya Idd. Kipimo ninachokiona mimi ni hiki: mtazamaji atajengea nini juu ya picha yako? Picha ya Wanale itamfurahisha mtu, na nikiziba nguzo ya umeme sijui ni nani nimemdhulumu. Picha ya Idd ilikuwa jibu la swali, na swali lilikuwa: nani hana nafasi? Pale picha inapokuwa jibu la swali, mshono unaoligusa jibu ni lazima usemwe.

Wa pili alisema kila mtu siku hizi anajua kuwa picha hutengenezwa, kwa hiyo hakuna anayedanganyika. Nikamuuliza kama mfadhili alionekana kuwa mtu aliyejua. Alijenga uamuzi wake wote juu ya picha yangu. Tena, kama kweli watu wamefika mahali hawaiamini picha yoyote, basi msiba ni mkubwa zaidi, kwa sababu siku tutakapokuwa na picha ya kweli ya dhulma ya kweli, nani atatusadiki?

Wa tatu, huyu ni rafiki yangu wa chumba, alisema, "Lakini fedha zinajenga msikiti. Kheri imepatikana." Hili ndilo lililonichelewesha zaidi, kwa sababu lilinipa usingizi kwa siku mbili. Msikiti ni kheri, sina shaka. Lakini akina dada wale walikuwa kama sitini, na mwenye kanzu ya buluu alikuwa mmoja. Picha yangu ilimhesabu yeye mara mbili, na wao haikuwahesabu kabisa. Kheri iliyopatikana kwa kupitishwa juu ya haki ya mtu, anayetakiwa kuisamehe ni mwenye haki, si mimi wala rafiki yangu wa chumba.

Tulichofanya

Nilimwendea Amiri baada ya Alfajiri nikamweleza yote: kanzu ya buluu, turubai, na lile jibu langu la sitara. Alikasirika, kisha akanyamaza kwa muda. Aliogopa, kama nilivyoogopa mimi, kwamba mfadhili ataondoa mkono wake kabisa. Tukaitisha kikao, safari hii akina dada wakiwemo. Nikamwomba radhi yule dada mbele ya watu, kwa kuwa uongo wangu ulikuwa juu ya jina lao.

Tumemwandikia mfadhili barua ya pili. Tumemtumia picha zote 9 kama zilivyopigwa, pamoja na picha pana mpya. Mpya haijanyooka. Turubai limepinda upande wa kushoto na ukuta wa msikiti umevunjika mahali pawili, lakini safu tatu za akina dada zimo, na wenyewe waliitazama na kuiridhia kabla haijatumwa. Chini yake tumeandika kwamba imeunganishwa kwa picha 9, kwamba wako watu 11 tunaowatambua waliotokea mara mbili kwa kuwa walikuwa wakitembea, na kwamba idadi ya waliohudhuria isikisiwe kutokana nayo.

Mpaka naandika makala hii hajajibu. Inawezekana atajibu kwa kheri, na inawezekana hatajibu. Kuna ndugu ambao hawanisemeshi vizuri kwa sababu hiyo, nami siwalaumu sana. Paa la upande wa wanaume linavuja kweli.

Kwa ndugu watakaochukua kazi ya habari ya jumuiya baada yangu, naacha haya machache. Msizifute picha za asili. Lihifadhini faili la kuunganishia pamoja na picha, na atakayeliomba apewe. Chini ya kila picha iliyounganishwa andikeni kuwa imeunganishwa, na kilichozibwa kitajwe. Na kabla hamjaitoa picha, waiteni wale waliosimama pembeni, muwaulize kama wamo.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimama na uadilifu wakitoa ushahidi, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu. Wabillahi tawfiq.